Damu ya Kupuliza Kuku

Kuku wa kienyeji hauzwi kwa mizani. Anashikwa miguu, anapinduliwa kichwa chini, kisha mnunuzi anasogeza uso tumboni mwake na kupuliza, fuu! manyoya yaachane na ngozi ionekane. Ngozi ikiwa ya njano, kuku ana mafuta, anaingia kwenye tenga la Dar es Salaam. Ikiwa ya samawati na imekauka, huyo atafia njiani kabla lori halijafika Dodoma. Arudishwe kwa mwenyewe. Ndiyo kazi nzima. Mtu yeyote mwenye macho na mdomo angejifunza kwa asubuhi moja.

Lakini nyumbani kwa Mzee Abdillahi, pale Singida mjini, kazi hiyo ilitukuzwa utadhani ni usultani. Tangu serikali ilipolegeza kamba na kila mtu akaruhusiwa kufanya biashara yake, Mzee Abdillahi alikuwa amepanda kutoka kuku wa kufunga kwenye baiskeli hadi kupakia lori zima kila wiki. Mtu akipanda haraka namna hiyo hutafuta sababu kubwa kuliko bahati, na yeye aliipata kwenye damu.

"Kupuliza ni kwa damu," aliwaambia wazee waliokuja barazani kwake kunywa kahawa ya bure. "Mtu wa kuajiriwa atakuibia. Atakupitishia kuku mgonjwa kwa sababu ya shemeji yake. Wa kwetu ana jicho, kazaliwa nalo."

Wazee walitikisa vichwa. Kahawa ilikuwa nzuri.

Damu yenyewe ilikuwa ya pwani, kwa maelezo yake. Marehemu baba yake alifika Singida kutoka Bagamoyo akiwa na koti moja na njiwa katika kikapu, lakini katika masimulizi ya familia alikuwa ameacha huko nyuma nyumba ya mawe, na kila mwaka nyumba ile iliongezwa chumba.

Hanifa, binti wa Mzee Abdillahi, alikuwa amemaliza chuo cha ualimu na yuko nyumbani akingoja kupangiwa shule. Mbele za watu alikuwa mpole hadi kukera. Akizungumza na wakubwa alitazama vidole vya miguu yake, na ilibidi umwinamie ndipo usikie anachosema. Moyoni, hata hivyo, hakuwa na haya hata kidogo. Moyoni alikuwa akimjibu baba yake neno kwa neno tangu yuko darasa la tano, na majibu yote yalikuwa bado yapo, mapya, hayajatumika.

Mwaka ule kulikuwa na jambo moja tu lililomnyima raha. Kaka yake, Mselemu, alikuwa anaishiwa pumzi.

Mselemu alikabidhiwa kazi ya kupuliza akiwa kijana mdogo, siku baba yao alipotangaza kwamba macho yake yameanza kuchoka. Sasa alikuwa mwanaume mzima, na akitoka bandani kwenda bombani alisimama katikati ya uwanja, mkono kiunoni, kama mzee anayejaribu kukumbuka alichokuwa anakifuata. Siku za kupakia alipuliza kuku kutoka alfajiri hadi alasiri, nyusi zikawa nyeupe kwa ungaunga wa manyoya. Ikifika jioni mwili unachemka, kifua kinabana, anakohoa kikohozi kikavu kisichotoa kitu. Kesho yake ana nafuu. Wakipakia tena, yaleyale. Alipokwenda Mkiwa kwenye harusi ya rafiki yake akakaa huko wiki nzima, hakukohoa kabisa, akarudi mashavu yamejaa.

"Mmeona?" alisema Mzee Abdillahi barazani. "Kwenye pilau hakohoi. Kwenye kazi anakohoa. Huo ugonjwa una akili kuliko mwenyewe."

Wazee walicheka hadi vikombe vikagongana.

Hospitali ya mjini walimpa dawa za kifua kikuu. Akazimeza muda wote alioambiwa, kifua kikabaki vilevile. Ndipo Hanifa akamchukua wakapanda gari hadi hospitali ya misheni, ambako daktari mmoja kijana, Daktari Godfrey, alitazama picha ya kifua kwenye mwanga wa dirisha, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuwauliza.

"Nyumbani mnafuga nini?"

Waliposema kuku, akataka aelezwe kila kitu. Mselemu alipomwonyesha kwa mikono jinsi kuku anavyopulizwa, daktari alifumba macho kidogo.

"Mapafu yako yanagombana na vumbi la kuku," alisema. "Manyoya, mavi yaliyokauka, vyote hivyo unavivuta. Mapafu yanavimba. Ukikaa mbali yanatulia, ukirudi yanavimba tena. Ukiendelea mwaka mwingine, palipovimba patakuwa kovu. Kovu la mapafu sina dawa yake."

"Mbona Damiani haumwi, daktari?" aliuliza Mselemu. "Ni kibarua wetu. Anafagia hilo banda tangu mimi sijaanza kazi."

"Watu hatuzaliwi sawa. Wengi wakivuta vumbi hilo hawapati neno. Wachache wana miili isiyolivumilia, wamezaliwa hivyo, na mara nyingi inatembea kwenye ukoo. Kwenu hakuna mwingine mwenye kifua?"

"Hakuna," alisema Mselemu upesi, kama alivyofundishwa.

Hanifa alitazama vidole vya miguu yake. Alikuwa anamkumbuka babu, yule wa koti moja, aliyefuga njiwa hadi chumbani na kufa ameegemezwa kwenye mito kwa sababu hakuweza tena kulala chali. Nyumbani ilisemwa aliuawa na husuda.

"Basi dawa ni moja," alisema daktari. "Aache kuku. Sisemi apunguze. Aache."

Nyumbani habari hiyo ilipokewa kama tusi. Shangazi Anifa ndiye aliyewahi kujibu. Huyu, ambaye Hanifa alipewa jina lake, alikuwa dada mkubwa wa Mzee Abdillahi, mjane, anayeishi chumba cha mbele, na mwenye mafua yasiyokwisha aliyoyaita vumbi la bara. Alisema mwili wake haujalizoea. Alizaliwa hapohapo Singida.

"Ukoo? Ukoo upi?" alisema. "Kwetu hakuna kifua. Kwetu watu wanakufa wazima!"

Hanifa aliuma mdomo asicheke.

"Labda aulizwe wifi," aliendelea shangazi, akimgeukia mama yake Hanifa aliyekuwa anachambua mchele. Mama aliitwa Mwanvua, jina alilopewa siku ya ndoa. Kabla ya hapo alikuwa Felista, binti wa Kinyaturu wa Unyambwa, na kwa miaka yote ya ndoa yake hakuna aliyemwachia asahau. "Usinune, wifi, nasema tu. Kwenu mnalala na kuku chumba kimoja. Nani ajuaye mmeokota nini."

"Tunalala nao," alisema mama bila kuinua kichwa, "na hatukohoi."

"Mnakohoa. Kwenu mnaita kuimba."

Mzee Abdillahi hakucheka. Alikuwa na hofu yake, na hofu ilimfanya awe mkali. "Nikimtoa Mselemu bandani nimetangaza mji mzima kwamba nyumba hii ina kifua cha kurithi. Wakija watu wa posa kumuulizia Hanifa, si watauliza kifafa, ukoma, kifua? Nitawajibu nini? Nafanya hivi kwa ajili ya mwanangu huyu!"

Hanifa hakuwa na mchumba, wala hapakuwa na mtu aliyewahi kuja kumuulizia. Aliona ajabu jinsi mwanaume alivyoweza kumkaba mtoto wake mmoja kwa ajili ya harusi ya hewani ya mtoto mwingine, na bado akajiona mwenye huruma.

Shangazi ndiye aliyeleta dawa ya mgogoro. "Mwiteni mtoto wa kaka yake wifi. Yule mrefu, Alute. Apulize yeye. Akikohoa, tumejua uchafu umeingilia mlango gani."

Chuoni Hanifa alikuwa amesoma angalau kiasi cha kujua kwamba mtu mmoja hapimi ukoo mzima. Angeweza kusema. Lakini kila siku ambayo Alute angepuliza ni siku ambayo Mselemu angepumua, basi akanyamaza, na kwa mara ya kwanza kunyamaza kwake kukawa na faida.

Alute alikuja kutoka Unyambwa na furushi la nguo na mdomo usiopumzika. Alipuliza kuku akiwasimanga. "Fuu! We mama, umekonda, mumeo anakupiga? Fuu! Huyu njano tupu, huyu anakwenda kuliwa na waziri." Damiani alicheka hadi akaangusha fagio. Barazani, Mzee Abdillahi alitega sikio kila jioni kama mkulima anayesubiri mvua. Hakuna kitu. Siku moja Alute alipaliwa na chai, na shangazi Anifa akaruka kutoka kwenye mkeka.

"Huyo! Huyo! Mmesikia?"

"Chai ya moto, shangazi," alisema Alute akijifuta machozi. "Shikamoo."

Mselemu, kwa upande wake, alianza kurudi kuwa mtu. Walimhamishia kwenye kibanda cha sokoni, mbali na banda, akauza pumba na chumvi. Homa za jioni zilikoma. Siku moja Hanifa alimwona akivuka uwanja na ndoo ya maji bila kusimama katikati, akaingia jikoni akalia kwa furaha nyuma ya gunia la mkaa, mahali ambapo mtu mwenye haya huweza kulia vizuri.

Baada ya kuvuna alizeti Alute alikuwa bado hajakohoa. Mtu mwingine angesema, basi, tumekosea. Mzee Abdillahi alisema Alute hana jicho.

"Kapitisha kuku mwenye kideri. Nimemwona mwenyewe. Arudi kwao. Na Mselemu si amepona? Kapumzika, kapona. Arudi kazini, mwezi wa Idi huu, lori linakuja kubwa."

"Kapona kwa sababu hayumo bandani, baba," alisema Hanifa.

"Unasemaje? Sisikii. Pandisha sauti, mwalimu."

Sauti haikupanda. Alute alifunga furushi lake, akamkumbatia Mselemu, akasema tu, "Kaka, wale kuku hawana thamani hiyo," akaondoka.

Hanifa alimfuata kaka yake bombani. "Kataa."

"Nimkatalie nini? Ni baba."

"Mwambie utakufa."

"Atasema kwetu tunakufa wazima."

Walicheka wote wawili, kwa sababu walipendana na hapakuwa na jingine la kufanya.

Siku ya kupakia, uwanja ulijaa wauzaji kutoka vijijini, kila mmoja na kuku wake vichwa chini. Mselemu alianza alfajiri. Saa za mchana midomo yake ilikuwa na rangi ambayo Hanifa hakuipenda, na pumzi aliyopaswa kupuliza kwa kuku hakuwa nayo tena. Alishika kuku, akamtazama, akaketi chini.

"Inuka!" baba yake aliita kutoka barazani. Hakushuka. Hanifa aliona kwamba hakushuka, kama ambavyo hakuwahi kushuka. Miaka mingi mzee yule hakuwa amekanyaga banda lake mwenyewe. "Lori halingoji mapafu!"

Wauzaji walianza kunung'unika. Shangazi Anifa alikuwa amesimama mlangoni na kanga mpya, akisema kwa sauti kwamba vijana wa siku hizi ni maziwa ya unga, kwamba marehemu baba yake alikuwa anapuliza njiwa mia huku anaimba kaswida.

Hanifa alimkaribia. Alitazama vidole vya miguu ya shangazi yake, si vyake. "Shangazi," alisema kwa sauti yake ile ndogo, "baba anasema kupuliza ni kwa damu. Sisi ni nusu tu, mama ni Mnyaturu. Damu kamili hapa ni wewe."

Alidhani shangazi atapuliza kuku watano, achoke, aitishe watu wengine, na aibu ya siku hiyo imrudishe Alute. Hakujua bado sifa inaweza kumfikisha mtu wapi. Shangazi Anifa alivuta pumzi, akaifunga kanga kifuani, akavuka uwanja kama anakwenda kutawazwa.

"Leteni hapa. Mtazame kazi ya watu wenye asili."

Akapuliza. Watu wakamsifu kwa sababu walitaka kuondoka, na kadiri walivyomsifu ndivyo alivyopuliza. Alipuliza hadi alasiri. Hanifa alimwambia, "Inatosha, shangazi, pumzika," akaambiwa asimwonee kijicho. Manyoya madogo yalimganda kwenye wanja.

Kabla ya adhana ya magharibi alianza kutetemeka. Walimtandikia chumbani kwake, wakamfunika blanketi mbili, na bado meno yaligongana. Kifua kilipanda na kushuka kwa kasi, na kile kikohozi kikavu, ambacho kila mtu nyumbani mle alikuwa amekijua kwa Mselemu, kilitoka sasa kwa mwanamke ambaye kwao hakuna kifua. Mama alimshika mabega akamkalisha, akamweka mito mgongoni. Hanifa alishika beseni. Alimwonea huruma, na alikasirika kwamba anamwonea huruma.

Mzee Abdillahi aliingia, akasimama mlangoni. "Malaria hiyo," alisema. "Mbu wa huku."

Shangazi alifungua macho. Homa ilikuwa imemvua adabu zote alizojivika.

"Malaria gani, Abdi? Ndivyo alivyokuwa baba. Ndivyo ulivyokuwa wewe mwenyewe mwaka ule unapuliza. Si mimi niliyekukanda kifua hapahapa? Ukasema nisiseme. Ukasema tuseme ni macho."

Mselemu alikuwa ameketi chini ukutani, akivuta pumzi fupifupi; aliinua uso akamtazama baba yake, si kwa hasira, kama mtu anayesoma kibao cha dukani ambacho amepita mbele yake miaka yote.

"Homa inamchanganya," alisema Mzee Abdillahi.

"Baba," alisema Hanifa. Sauti ilitoka kubwa kiasi kwamba yeye mwenyewe alishtuka. "Ulijua. Kifua kilikubana ukatoka bandani, ukaenda kukaa barazani na kahawa yako, ukamwingiza Mselemu mahali pako. Miaka saba, minane, yote hii unamwita mvivu kwa ugonjwa ulioukimbia wewe."

"Hanifa, unaongea na nani?"

"Na wewe. Mselemu haingii tena bandani. Akiingia, nitakwenda barazani kwako wakati wazee wote wapo, na nitawasimulia macho yako yalivyokuwa yanakohoa."

Alingoja apigwe. Mzee Abdillahi alimtazama mke wake, labda akitafuta mtu wa kumkemea kwa niaba yake. Mama aliendelea kumshika wifi yake mabega. Akasema tu, kwa utulivu wa mtu aliyengoja muda mrefu, "Mlango uko nyuma yako, baba Mselemu. Mgonjwa anataka hewa."

Akatoka.

Kuomba radhi hakukuwepo, na Hanifa hakukutegemea. Badala yake, siku iliyofuata, Mzee Abdillahi aliwatangazia wazee wake kwamba biashara imekua, na kwamba amempandisha Mselemu cheo: anakwenda Shelui kusimamia duka la mafuta ya taa na sabuni, pale malori yanapolala. Kuhusu kupuliza, amefikiri, kazi hiyo sasa ni ndogo mno kwa watoto wake. Atairudisha kwa yule kijana wa Unyambwa. Wazee walimsifu kwa kuona mbali. Shangazi Anifa, akiwa bado na sauti ya mikwaruzo, alithibitisha kwamba alichougua ni malaria, tena malaria kali ya kibara, na kwamba kifua cha Mselemu, kama kipo, kimetoka upande mwingine.

Mama alisikia akaendelea kuchambua mchele.

Asubuhi ya safari, lori la Shelui lilisimama mbele ya nyumba. Mselemu alipanda juu ya magunia na begi lake. Alimuaga mama, akambusu baba yake mkono. Injini ilikuwa tayari inanguruma wakati Mzee Abdillahi alipopiga makofi, na Damiani akatokea nyuma ya nyumba amebeba tenga jipya, limejaa mitetea.

"Mtu wa kwetu haondoki mikono mitupu!" alisema Mzee Abdillahi, akihakikisha baraza zima linasikia. "Hao ni mbegu bora. Ukifika, anzisha banda lako, mwanangu. Weka uani, karibu na dirisha, wasiibiwe."

Hanifa alimtazama usoni ajue kama ni ukatili. Haukuwa ukatili. Mzee alikuwa na machozi. Alikuwa anampa mtoto wake kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, na hakuelewa chochote, na hangeelewa kamwe. Hilo ndilo lililomchosha Hanifa kuliko uongo wote.

"Ahsante, baba," alisema Mselemu juu ya lori, akiinama kupokea. Mtoto mwema hadi mwisho.

Tenga lilikuwa limeshafika ukingoni. Hanifa alikwenda mbele ya wazee wote, mbele ya utingo na wapita njia, akalishika kwa mikono miwili, akalivuta chini, akakata kamba kwa meno. Mitetea ilitoka kwa kelele, mmoja chini ya lori, mwingine barazani katikati ya vikombe, wengine barabarani. Wazee wa kahawa waliinuka na kanzu zimepandishwa magotini, wakawakimbiza huku na huku, wakigongana.

"Hanifa!" baba yake alipiga kelele. "Una wazimu?"

"Ninao, baba. Ni wa ukoo."

Akaligonga bodi la lori kwa kiganja. "Ondoa gari!"

Lori liliondoka. Juu ya magunia Mselemu alikuwa anacheka, kichwa nyuma, mdomo wazi. Hanifa alisimama katikati ya barabara na manyoya kwenye mtandio wake, akatega sikio ajue kama kicheko kile kitaishia kwenye kikohozi. Injini ilikuwa na kelele mno, hakusikia.